Mzee Aliyetupenda kwa Maneno Makali

Kanisani kwetu, kwenye kilima kimoja cha Masisi, kuna mzee wa kanisa ambaye Mungu alimjalia kipaji cha kusema ukweli. Ndivyo alivyojieleza mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa amekiona kipaji hicho. Akitaka kukuchoma, kwanza alikushika mkono.

"Dada, nakupenda sana, njo maana nakuambia."

Ukisikia anakupenda, ulianza kutafuta mlango. Mimi alinipenda mbele ya kwaya nzima, kisha akanieleza kwamba sauti yangu inakausha maziwa ya ng'ombe. Wenye ng'ombe hawakuwahi kulalamika.

Sisi wengine tulikuwa watu wa upendo, maana yake tulinyamaza. Muhubiri akisema mpaka maharage yakaungua nyumbani, tulimshukuru kwa neno fupi lenye kujenga. Tulidanganyana hivyo kwa furaha na kuuita umoja wa kanisa.

Jirani yetu alikuwa mwanamke wa Walikale, aliyeolewa huku kwetu na kijana mwenye kubeba watu kwa pikipiki. Mtoto wao wa kwanza alikufa kwa homa kabla hajajua kutembea. Tulienda kwenye kilio, kila mtu na chake: kuni, sombe ya majani ya muhogo, maharage, maji ya kupikia. Mama wa mtoto alikaa chini kwenye mkeka, macho yamekauka, mkononi ameshika kikamba chembamba ambacho mtoto alikuwa akivaa kiunoni.

Mzee alifika na koti lake na Biblia yake. Alikiona kile kikamba. Nikamwona anamshika yule mama mkono.

"Mama, nakupenda, njo maana nakuambia. Hii kamba ya musituni, hii dawa ya wakubwa wenu, njo ilifunga mulango ya baraka. Mungu hapendi kugawa nyumba na mashetani. Utubu, atakupa mwingine."

Watu wa upendo tukaangalia miguu yetu. Mmoja akaguna, "Bwana asaidie." Yule mama alikikunja kile kikamba, akakifunika kwa kiganja.

Ndipo mama yangu akatoka jikoni, mikono imejaa majivu.

"Papa, na mie nakupenda," alimwambia mzee. "Kila mutu hapa alileta kitu. Wewe ulileta mudomo. Bidoni iko pale, kisima unakijua. Maji iliisha."

Nilidhani atakataa. Lakini wanawake wote walikuwa wameinua macho, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akitabasamu. Aliweka Biblia kwenye kiti, akachukua bidoni, lile dumu la maji, akateremka kilima na koti lake. Alipanda tena akihema, matope mpaka magotini, na siku ile hakumpenda mtu mwingine.

Komite ya kanisa ilikaa upesi. Kwa mambo mengine hukaa polepole. Walimwita mama yangu.

"Mama, maneno yako ilikuwa kweli," alisema mwenye kuongoza komite, "lakini hukuisema katika upendo."

"Na yeye?"

"Yeye, moyo wake uko muzuri."

Wakamkataza Meza ya Bwana mpaka atubu. Mama alirudi nyumbani akipiga mlango, akapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Nilijua amelia, lakini sikuthubutu kumuuliza.

Jirani yetu alipopata habari, alienda mwenyewe kwenye komite bila kuitwa. Mimi nilimsindikiza. Alisimama mbele ya wazee, mzee wetu naye akiwamo, akafungua kiganja.

"Hii kamba, mama yangu aliisokota na mukono yake, akaituma toka Walikale. Kama iko na nguvu, mie sijui. Kama haina, sijui pia. Alikuwa mbali, hakuweza kubeba mujukuu wake, akatuma hii. Munataka nitubu juu ya mama yangu kunipenda?"

Hakupandisha sauti. Nilitazama wale wanaume, hodari wa Warumi na Waefeso, nikaona hakuna anayejua aweke macho wapi. Mwenye kuongoza alisema tuombe. Akaomba muda mrefu sana, kisha akatangaza kwamba jambo hili litaendelea kubebwa katika maombi. Kwa lugha ya kanisa letu, hapo limezikwa.

Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata, mama aliingia, akakaa mstari wa mbele na jirani yetu ubavuni, akapokea mkate. Hakuna aliyemuuliza alitubu lini. Mzee wetu ndiye aliyepitisha sahani, akiangalia dari.

Mpaka leo anaendelea na kipaji chake, hasa kwa vijana na wageni. Lakini akikutana na mama yangu njiani, humsalimu kwa heshima, humuuliza habari ya shamba, na husema mvua iko mingi. Katika mazungumzo yake yote, hayo tu njo yale ambayo nimepata kuyaamini.