Siku ya Pili ya Shangazi

Mume wangu alipopata likizo yake ya kwanza yenye malipo, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa miwani ya jua. Si sukari ya kupeleka ugenini, si tiketi ya meli, miwani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na Mwanza ilijaa vitu ambavyo hatukujua kama tunavihitaji mpaka tulipovikuta vimetandazwa chini. Yeye alikuwa fundi wa kuezeka, nusu ya mapaa ya mtaa wa Mabatini ni kazi ya mikono yake, kisha kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kikamwajiri kutengeneza milango ya vyumba vya barafu. Jioni alikuwa akienda kutazama televisheni kwenye baa ya jirani, na huko ndiko alikojifunza kwamba mtu mwenye ajira huenda kisiwani, akalala kwenye kiti kirefu, asifanye kitu.

"Mke wangu," akaniambia, "kumbe na sisi kisiwa tunacho."

Kisiwa tulikuwa nacho kweli. Shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea baada ya mama kufariki, aliishi Ukerewe, mwendo mfupi kutoka Nansio. Tulikwenda kwake wiki tuliyooana, tukala samaki na machungwa mpaka ndoa ikaonekana kazi rahisi. Tangu hapo tulikuwa tunaahidiana kurudi.

Tatizo ni kwamba wiki chache kabla ya likizo, upepo ulitoka ziwani ukapita juu ya kisiwa kama mtu anayetafuta ufunguo alioupoteza: ulifunua kila kitu na haukurudisha chochote mahali pake. Kanisa lilipoteza paa, shule ikapoteza paa, na nyumba ya shangazi ikabaki kuta, mbao za kenchi na jogoo. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa na nyumba Kirumba karibu na uwanja wa mpira, aliposikia habari aliamua papo hapo kwamba shangazi ahamie kwake. Shangazi akatuma jibu kwamba hawezi kulala mahali ambapo watu wazima wanapiga kelele kwa sababu ya mpira usio wao.

"Basi nenda wewe," kaka akaniambia. "Nenda kama mtu anayekwenda kupumzika. Ukirudi, urudi naye. La sivyo Jumamosi nakuja mwenyewe kumchukua, apende asipende."

Nia yake ilikuwa njema, sikatai. Lakini nilimjua shangazi. Alimzika mumewe pale, akapanda michungwa yote ile kwa mikono yake, na mimi nilijifunza kutembea kwenye ua ule. Nilimwambia kaka nitakwenda kuangalia tu, sikuahidi kitu. Moyoni niliogopa, kwa sababu kaka akisema Jumamosi, huwa ni Jumamosi.

Tukapanda meli. Mimi nilibeba mfuko wa sukari. Mume wangu alibeba miwani yake usoni, kaptula ya mtumba yenye picha za minazi, na kiti kirefu cha turubai alichokiunda mwenyewe. Kiti kilichukua nafasi ya abiria wawili. Mama mmoja mwenye kuku alimtazama, akatazama kiti, akamwuliza kwa huruma mgonjwa mwenyewe yuko wapi.

Tulikuta kisiwa kinajiokota. Watu walikuwa wanashusha mabati kutoka kwenye miti, mtumbwi mmoja ulikuwa umekaa katikati ya shamba la mihogo bila haya, na kila mwanamume tuliyekutana naye alikuwa na nyundo au anatafuta nyundo. Tuliwapa pole, wakasema wameshapoa, kisha wakatazama kile kiti.

Shangazi alinipokea kwa kunikumbatia mpaka mbavu zikalia. Mume wangu alisimama mbali, macho chini. Hapo lazima nieleze. Kwa shangazi, aliyekulea ndiye mama mkwe wa mumeo, na mkwe ana masharti yake. Hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hakanyagi nyumbani mwake, wala hawasemezani moja kwa moja. Yote hupitia kwa mke.

"Mwulize mkwe kama safari ilikuwa njema," akasema shangazi, mkwe akiwa anasikia kila neno.

"Anauliza kama safari ilikuwa njema."

"Mwambie shikamoo. Ilikuwa njema, na pole ya paa."

"Anasema shikamoo, na pole ya paa."

"Mwambie marahaba, nimeshapoa."

Kabla jua halijatua nilikuwa nimekauka koo.

Tulipewa kijumba cha wageni kilichokuwa pembeni mwa ua, kibanda pekee ambacho upepo ulikisahau. Shangazi mwenyewe alilala kwenye nyumba yake kubwa chini ya turubai. Mabati yake alikuwa ameyaokota karibu yote, akayanyoosha kwa mchi wa kinu, akayapanga ukutani. Mawili yalikuwa juu ya choo cha jirani, balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye alisema hakuyachukua, upepo wenyewe uliamua. Kilichokosekana ni fundi. Mafundi wote walikuwa kanisani, wakitoka huko wanakwenda shuleni, na baada ya shule kulikuwa na foleni ndefu. Fundi mmoja tu kisiwani hakuwa na kazi, naye alikuwa amejilaza uani kwenye kiti kirefu, amevaa miwani.

Alijitahidi kupumzika, namtetea. Lakini kila nyundo ilipolia kanisani, shingo yake iligeuka.

"Yule anapiga msumari kwenye bonde la bati," alininong'oneza kwa uchungu. "Bonde! Msumari unapigwa mgongoni, kwenye bonde maji yanaingia!"

"Pumzika," nikamwambia.

"Nitapumzika vipi na watu wanaharibu bati?"

Nikaenda kwa shangazi. "Mkwe anaomba akuezekee nyumba."

"Mkwe? Juu ya kichwa changu?"

"Juu ya nyumba, shangazi."

"Nyumba ambayo ndani yake nimo mimi, na kitanda changu, na nguo zangu? Awe ananichungulia kutoka juu kama mwewe? Mwambie apumzike, yeye ni mgeni."

"Si unajua, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

"Kwa mkwe siku ya tatu haipo."

Kesho yake, shangazi alipokwenda kuchimba mihogo, mume wangu aliazima ngazi akapanda. Alisema atapiga mabati machache tu, mama akirudi atakuta paa limeota lenyewe. Alikuwa juu anapima, kaptula yake ya minazi inapepea, shangazi akatokea nyuma ya nyumba na kikapu kichwani. Alikuwa amesahau panga.

Sijawahi kusikia mama mkwe akipiga yowe la namna ile. Alitupa kikapu, akajifunika khanga kichwa kizima, akakaa chini hapo hapo, mbele ya ngazi. Mume wangu naye akajilaza kifudifudi juu ya mbao za kenchi, akakumbatia ubao mmoja.

"Mwambie mkwe ashuke!" khanga ikasema.

"Anasema ushuke."

"Mwambie siwezi kushuka. Amekaa mbele ya ngazi, nikishuka nitamkanyaga."

"Shangazi, sogea."

"Nisogee wapi nami sioni? Nimejifunika! Kwanza amevaa nini yule?"

"Kaptula."

"Mungu wangu. Mwambie asisogee!"

"Anasema usisogee."

"Mwanzo alisema nishuke!"

Hali ilikaa hivyo mpaka balozi alipovutwa na kelele. Alikuja, akamshika shangazi mkono na khanga yake usoni, akamwongoza hadi kwenye mihogo kama kipofu. Mume wangu alishuka akaenda kuvaa suruali. Hadi mchana hakuna ujumbe uliopita kwangu kutoka upande wowote.

Alasiri mvua ikanyesha. Si mvua ya kutania, mvua ya ziwani inayokuja na kishindo. Nilikimbilia nyumba kubwa kumsaidia shangazi kutega masufuria chini ya turubai. Nilipotazama uani, nilimwona mume wangu ametoa kiti kirefu nje, amekikalia, analowa. Miwani bado ilikuwa usoni.

Shangazi naye alimwona kupitia mlangoni. "Mwambie mkwe aingie ndani kwenye kijumba."

Nikapaza sauti. Nikaletewa jibu. "Anasema hawezi kukaa pakavu wakati mama analowa."

"Mwambie ni mjinga."

"Anasema ndiyo, mama."

Shangazi akashika sufuria iliyojaa, asiimwage. Kisha akasema, "Kaka yako amekutuma. Mtu haji kupumzika kwenye nyumba isiyo na paa."

Nikamwambia yote. Kwamba Jumamosi anakuja, kwamba asipokuta paa atamchukua, na kwamba mimi sitaki aende lakini sijui nimzuie vipi.

"Nikabishe hodi kwa mtoto niliyemfuta kamasi?" akasema. Hakusema kwa hasira. Nilimwona anaogopa, na sikuwahi kumwona shangazi akiogopa kitu. Nililia, nikasingizia moshi, ingawa moto ulikuwa umezimwa na mvua.

Asubuhi alikuja kunigongea. Alikuwa amevaa khanga yake nzuri, ameshika jembe, na nyuma yake alikuwa balozi, anapiga miayo.

"Balozi, ushuhudie," akasema. "Mwanangu, siku zako za ugeni zimekwisha. Shika jembe. Na ukishika jembe, shika na nyumba. Kuanzia leo hii ni nyumba yako."

"Shangazi—"

"Shika!"

Nikashika. Akageuka, akatembea mpaka nje ya ua, akapita mchungwa wa mwisho, akasimama. Kisha akaita, "Hodi!"

Mimi na balozi tukatazamana.

"Hodi jamani! Hapa mna desturi ya kuacha wageni njiani?"

"Karibu, shangazi," nikasema.

Akaingia taratibu, akitazama huku na huku kama mtu anayefika mara ya kwanza. "Nyumba yako nzuri," akaniambia. "Ila haina paa. Mumeo hana mikono?"

Mume wangu hakuhitaji mjumbe. Hiyo ilikuwa nyumba ya mke wake, na alikuwa ameshafika katikati ya ngazi. Balozi alitaka kuondoka, shangazi akamwambia kwamba mwenye nyumba mpya anaomba mabati yake mawili, na kwa kuwa yeye ndiye shahidi, anajua mwenye nyumba ni nani. Choo cha balozi kilikaa wazi siku kadhaa, tukawa tunamsalimia kwa mbali.

Tangu hapo mambo yakapinduka. Mgeni alihitaji mahali pa kukaa, akaonyeshwa kiti kirefu. Jua likamuumiza macho. "Mwulize mkwe kama ile miwani ana kazi nayo." Akaivaa. Alikigeuza kiti, akalipa paa kisogo ili asimwone mkwe, akaletewa chai, akaomba iongezwe sukari, akauliza kama kwetu wageni hawapewi mihogo ya kuchemsha. Kwa hiyo mimi nikalima mihogo, mikono ikaota malengelenge, na mume wangu akapiga misumari kuanzia alfajiri, yote migongoni mwa bati, hakuna hata mmoja bondeni.

"Mwambie mkwe huo umepinda," shangazi alisema bila kugeuka.

"Amejuaje?" sauti ikatoka juu.

"Mwambie nimesikia."

Jumamosi kaka alifika na boti ya asubuhi, na kamba za kufungia mizigo begani. Alimkuta shangazi amelala kwenye kiti kirefu na miwani nyeusi, kikombe tumboni. Akamwamkia, akasema, "Shangazi, nimekuja. Tujiandae twende."

"Mimi hapa ni mgeni," shangazi akajibu. "Zungumza na mwenye nyumba."

Mwenye nyumba nilikuwa natoka shambani, tope hadi magotini. Sikuwahi kumpinga kaka maishani. "Ni mgeni wangu, kaka. Amefika juzi tu. Leo ni siku yake ya pili. Mgeni wa siku ya pili anafukuzwaje?"

Balozi alishuhudia kwamba mgeni alipiga hodi Alhamisi. Kaka akahesabu kwa vidole, akapaza sauti, "Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Hiyo ni ya tatu!"

"Alhamisi nilikuwa bado nahamia," shangazi akasema. "Haihesabiwi."

Mvua ilikuja tukiwa tunakula. Kaka aliacha kutafuna, akainua uso akasubiri tone. Alisubiri mpaka ugali ukapoa. Bati lilinguruma, na hakuna kilichodondoka. Mwishowe akasukuma sahani yake mbele, akaomba aongezewe samaki. Jumapili alirudi Mwanza na gunia la machungwa, limefungwa kwa zile kamba.

Shangazi aliishi katika nyumba yangu miaka mingi baada ya hapo. Alilima kama zamani, ila alisema ananisaidia tu. Kila tulipokwenda nilimwuliza, "Shangazi, leo siku ya ngapi?" naye akajibu, "Ya pili, mwanangu, usiwe na haraka."

Asubuhi aliyofariki, mume wangu alikuja mlangoni na futi ya kumpimia jeneza. Hakuwahi hata mara moja kuingia chumbani mwa mama. Alisimama pale kizingitini, macho chini, mvi kichwani.

"Mwulize mama kama naweza kuingia," akasema.

Niliingia, nikamwuliza. Kisha nikatoka nikamwambia, "Anasema karibu."