Wimbo wa Mama Funguo

Watoto wa wenzetu walilazwa kwa nyimbo za nyota na vipepeo. Mimi nililazwa kwa kumsengenya bibi yangu mzaa baba, na nililala vizuri sana, ahsante.

Mama yangu ni fundi cherehani. Alipoolewa aliingia nyumba ya mama mkwe wake na begi moja la nguo na cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Yeye na baba wakapewa chumba kimoja, cherehani ikawekwa kwenye korido. Kila aliyekwenda chooni alimparuza mabega. Wateja walipimwa wakiwa wamesimama kando ya ndoo za maji, na mteja mnene alipimwa upande mmoja, akatoka, akaingia tena kinyumenyume apimwe upande wa pili. Wakati huohuo chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani na dirisha kubwa, kilikaa na kufuli. Ndani yake kulikuwa na viti vibovu vya marehemu babu na vumbi.

Ufunguo wa chumba hicho ulikuwa kiunoni kwa bibi, pamoja na nyingine kumi na sita, zimefungwa kwa kamba. Mtaa mzima ulimwita Mama Funguo. Alifungia sukari, alifungia sabuni, alifunga hata kabati la vyombo ambalo lilikuwa limeng'oka mlango wa pili. Mama alipomwomba kile chumba, kwa sauti ya chini na macho sakafuni, bibi alimtazama juu mpaka chini.

"Nitakuangalia kwanza, mwanangu," akasema. "Chumba kile ni cha mtu mwenye adabu."

Basi mama akawa na adabu. Kutwa nzima ni ndiyo Mama, sawa Mama, samahani Mama, mpaka taya zikamuuma. Moyoni alikuwa anatokota. Angemwambia nani? Mume angempelekea mama yake. Jirani angewapelekea wote. Ndipo nikazaliwa mimi, kibogoyo, nisiyejua hata jina langu, na mama akapata mtu wa kumtolea ya moyoni. Na nani atamuuliza mzazi anamwimbia nini mtoto wake? Alinifunga mgongoni, akakanyaga cherehani ingurume vya kutosha, akaanza:

Lala, bibi na funguo,
kafungia na sabuni,
kafungia zetu nguo,
atafunga na jirani.

Lala, bibi akoroma,
bati lote latetema,
paka kahamia nyuma,
panya nao wamehama.

Wanasema kufikia hapo kwenye panya nilikuwa nimeshazimika. Kila siku, mwaka mzima, wimbo ni huo. Baba yangu, fundi saa, mtu ambaye ukimsalimia asubuhi anakujibu mchana, aliusikia kutoka chumbani akauma shuka asicheke. Hakumwambia mkewe kwamba amesikia. Hakumwambia na mama yake. Alikitaka kile chumba cha mbele karibu kama mkewe, kwa sababu alikuwa amechoka kukuta sindano kwenye viatu.

Siku moja mama aliitwa shuleni kupima watoto sare. Kazi ya kutwa. Baba alikuwa nyumbani na saa ya ukutani aliyokuwa ameifungua mezani, lakini mimi nilikabidhiwa kwa bibi.

"Nenda tu," bibi alimwambia mama. "Nimelea sita. Huyu ni nani?"

Kufika saa sita mchana alishanijua. Nililia. Alinibeba, nikalia. Alinigonga mgongo, alinitembeza, alinipa kijiko nikichezee, aliniimbia nyimbo zake zote za zamani, na mimi nikazipokea kwa mayowe. Saa nane sauti yake ilikuwa imekauka, na jirani alikuwa ameshachungulia mara mbili kuuliza kama kuna msiba.

"Huyu mtoto hulazwa na nini?" bibi akamgeukia baba.

Baba akainama chini ya meza kutafuta skrubu.

"Nakuuliza wewe, baba. Mkeo humwimbia nini?"

"Wimbo tu, Mama."

"Uimbe."

"Sauti yangu mbaya, Mama."

"Sauti yako naijua, nimeizaa mimi. Imba!"

Baba akapiga moyo konde. Alipanga kuupaka wimbo sukari kidogo. "Lala, bibi na maua," akaanza. Niliposikia ile sauti ya wimbo nilinyamaza, nikatoa macho. Kufika kwenye maua nikapiga ukelele kama nimefinywa.

"Umekosea," bibi akasema. Hakuwa mjinga hata siku moja. "Rudia."

"Lala, bibi na... matunda."

Nikapiga ukelele mwingine.

"Mwanangu," bibi akasema polepole, "imba kama anavyoimba mama yake. Neno kwa neno."

Baba akafumba macho akaimba. Funguo, sabuni, nguo, jirani. Mimi kimya. Akasita.

"Endelea," bibi akasema.

Akaendelea na bati, na paka, na panya. Nikalala fofofo, mdomo wazi. Baba anasema alikiaga kile chumba palepale, pamoja na dirisha lake.

"Mimi nakoroma?" bibi akauliza.

"Kidogo, Mama."

Bibi akafikiri. "Paka alihama lini?"

Saa kumi jioni mama alirudi, utepe wa kupimia ungali shingoni. Alipofika mlangoni akasikia wimbo wake ukiimbwa kwa sauti ya mtu mwingine, na funguo kumi na saba zikitikiswa kwa mapigo. Miaka yote ya ndiyo Mama imekwenda na maji, na yeye alishachagua hata rangi ya pazia la lile dirisha. Akaingia kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Bibi alikuwa amenipakata, mimi nimeamka, nacheka. Hakukatiza wimbo. Alimkazia mama macho, akaongeza ubeti:

Lala, mama na mkasi,
ulimi wake mkali,
ataka chumba kwa kasi,
na adabu iko mbali.

Mama akaanza kulia. "Nisamehe, Mama."

"Nani kakufundisha haya?"

"Hakuna, Mama. Nilikuwa na hasira tu."

"Na mimi hakuna aliyenifundisha," bibi akasema, akamwelekezea baba kidole. "Huyu unayemwona hapa nilimlaza miaka miwili kwa pua ya mama mkwe wangu. Pua peke yake ilikuwa na beti tano."

Skrubu ilimponyoka baba, na mpaka leo haijaonekana.

"Yeye alikufa hajui," bibi akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Nilijiona mjanja. Siku hizi namkumbuka, na inaniuma. Ningemwimbia mwenyewe hata mara moja, pengine tungecheka."

Akafungua kamba kiunoni, akahangaika nayo kwa meno, akatoa ufunguo mmoja.

"Shika. Lakini cherehani itakaa dirishani, na kiti changu kitakaa nje ya hilo dirisha. Nikisengenywa nataka kusikia."

Akakaa pale miaka ishirini na tisa. Mama alishona ndani, bibi alisahihisha kutoka nje, na beti ziliongezeka pande zote mbili mpaka wateja wakawa wanakuja na nguo zisizo na tatizo lolote. Mimi nilikua katikati yao nikimpenda bibi kupita kiasi, kwa sababu kila alilotukanwa lilinijia na usingizi mtamu. Mpaka leo nikisikia funguo zikigongana nasinzia. Kazi ya ulinzi nilidumu siku tatu.

Mwaka huu bibi ameanguka akavunjika nyonga. Analala chumba cha mbele, penye hewa, karibu na cherehani. Mchana mmoja maumivu yalimkatalia usingizi kabisa, dawa ameshakunywa, na sote tumesimama tukitazamana. Mama akavua miwani, akakaa kando ya kitanda, akamshika mkono. Ni mama mkwe, ni mgonjwa, na chumba kimejaa watu. Akachagua maneno ya heshima.

"Lala, mama, pumzika," akaimba.

Bibi akafumbua jicho moja.

"Umeruka funguo," akasema.

Mama akacheka machozi yakamtoka, akaanza upya kutoka juu, neno kwa neno. Kabla panya hawajahama, bati lilikuwa limeshaanza kutetema.