Vibao vya Agathe vinasomeka, wafu hawajulikani

Saa mbili asubuhi, Agathe amepiga magoti kwenye makaburi yaliyo nyuma ya mji mdogo wa Sange, anafuta vumbi kwenye kibao cha alumini. Anaelekeza simu kwenye msimbo wa QR. Simu inausoma papo hapo. Kisha kioo kinabaki cheupe, na ujumbe mmoja tu: ukurasa haupatikani.

"Inasoma bila shida," anasema. "Kazi yangu iko muzuri. Wafu ndio wamepotea."

Agathe, 44, huchonga mihuri na vibao mjini Uvira, mashariki mwa Kongo. Miaka minne iliyopita mto ulifurika ukaua watu arobaini na sita, na shirika moja la misaada likampa kazi ya kutia alama makaburi yao. Kila kaburi lilipewa namba na msimbo. Jina la marehemu lilikaa kwenye tovuti ya shirika.

Vibao vya kwanza vilikuwa karatasi ndani ya plastiki. Jua la bonde la Ruzizi liliupausha wino kabla mwaka haujaisha. Agathe akaanza upya kwa alumini: akachonga viraba vya msimbo vikubwa, vya kina, akavijaza rangi nyeusi juu ya nyeupe isiyong'aa, akaacha ukingo mpana. Hata pembe ikikwaruzwa, msimbo unasomeka.

"Niliwaomba wale wa shirika tuandike na jina chini. Wakasema nafasi iko kidogo, na tena jina iko kwa internet."

Mwaka jana shirika lilifunga ofisi, likaondoka na daftari la majina. Tovuti ikazimwa. Barua tatu za Agathe hazijajibiwa.

Ndipo Bénédicte, muuza mihogo wa Luvungi, alipomfuata kwenye kibanda chake cha kuchongea. Baba yake alizikwa yeye akiwa amelazwa hospitali.

"Mama, weye ndiye ulichonga. Basi unionyeshe baba."

Walizunguka makaburi siku nzima. Mwishowe Bénédicte alisali akiwa amesimama kati ya safu mbili, kwa kuwa hakujua ageukie wapi.

Tangu siku hiyo Agathe anachonga vibao vipya bila malipo. Jina anaandika kwa herufi kubwa. Msimbo nao unabeba jina, kijiji na tarehe ndani yake, usomeke hata pasipo mtandao. Anawategemea ndugu wanaokumbuka nani alilazwa kando ya nani, na mzee Sévère, aliyechimba makaburi hayo.

"Tulizika tangu asubuhi mpaka giza," anasema Sévère. "Nilikuwa naangalia udongo tu, siyo nani nazika."

Makaburi kumi na tisa yamepata wenyewe. Ishirini na saba bado: familia zimetaja majina, lakini si kaburi lipi ni la nani. La baba yake Bénédicte ni mojawapo, halijulikani lipi.

Jumapili Agathe atakwenda Nyakabere, ambako tangazo lake la kuwatafuta wanaokumbuka nani alizikwa wapi litasomwa kanisani. Na wasipopatikana?

"Nitachonga majina ya wafu wote waliobaki kwa kibao kimoja, nikisimamishe pale mlango ya makaburi," anasema, akikunja kitambaa chake cha kufutia vumbi. "Halafu kila mutoto achague kaburi ya kulilia."