Kinyozi Darius Avishwa Lenzi

Kinyozi wetu hapa Swima ni Darius Asukulu, mtu wa sauti nzito ya kwaya na mikono isiyotetemeka. Kwa miaka minne alitunyoa sote mshazari. Mstari wa paji la uso ulianza chini, karibu na sikio la kushoto, ukapanda kama barabara ya kwenda Fizi mpaka juu ya sikio la kulia. Akimaliza alirudi nyuma hatua mbili, akatazama kazi yake, akasema, "Sawasawa kabisa." Tulimlipa na kumshukuru. Darius ni mtu mwema, na wembe ulikuwa bado mkononi mwake.

Mimi Bienfait, jirani yake, nilijinunulia kofia. Vijana nao wakaupenda mshazari ule, wakauita mulima, hata wa kijiji cha Lweba wakawa wanakuja kuufuata.

Mambo yalijulikana siku alipompongeza mama mmoja barabarani kwa kujifungua mapacha. Mkewe Aline alimvuta shati.

"Darius, mutoto iko moja."

"Na ule mwengine?"

"Ule mwengine iko mu macho yako."

Akapelekwa Bukavu. Daktari akampima, akakuta konea, kile kioo cha mbele ya jicho, imekonda na kuchongoka kama ncha ya yai. Ugonjwa huo huitwa keratokoni. Miwani haikumsaidia. Lenzi laini za kawaida, zile zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe, nazo zingelala juu ya ule mchongoko na kupinda pamoja nao. Alihitaji lenzi laini za namna yake, nene katikati, zenye kuusawazisha. Daktari alituma kadhaa za kujaribia kwa Godelieve, muuguzi wa macho huko Baraka, nami nikampakia Darius kwenye pikipiki.

Godelieve ni mama mfupi, mpole, asiyekata tamaa. Alinawa mikono, akaweka lenzi kwenye ncha ya kidole.

"Fungula jicho, papa."

Darius akafungua kinywa.

"Jicho, papa."

Akakifungua zaidi, tukaona mpaka magego. Kila kidole kiliposogea, jicho lilifumba na kinywa kikapanuka. Tulihangaika hivyo nusu saa. Godelieve akamwekea mkono begani, akabadilisha njia.

"Basi, funga kinwa."

Akafunga kinywa. Jicho likafunguka lenyewe, na lenzi ikaingia.

Ilibidi kungoja dakika ishirini itulie. Darius alikaa kama mtu aliyebebeshwa mtungi kichwani. Hakukohoa, hakucheka. Nilipomwuliza kama anasikia maumivu, alinijibu kwa kuinua kidole gumba. Kisha Godelieve akamwekesha kidevu kwenye darubini yake. Akipepesa jicho, lenzi iliteleza chini kama kandambili ya baba kwenye mguu wa mtoto. Ikatolewa. Ya pili haikusogea hata kidogo, ilibana. Nayo ikatolewa. Ya tatu ilikaa kidoleni na kingo zake zimetanuka kama sahani. Godelieve akaigeuza ikawa bakuli, akasema, "Sasa iko upande wake." Hiyo ilisogea kidogo tu alipopepesa, ikarudi mahali pake. Jicho la pili halikutusumbua hivyo, maana Darius alikuja na kinywa kimefungwa tayari.

Aliposoma herufi ukutani mpaka mstari wa sita, Willy, mlinzi wa zahanati, aliingia kusema pikipiki yetu imeziba mlango. Darius akasimama.

"Weye, nani alikuharibu kichwa hivi?"

Willy akajishika nywele. "Ni weye, yaya," alisema, kwa heshima ya kaka mkubwa. "Juma iliyopita, kule Swima."

Darius akanigeukia polepole. Kofia nilikuwa nimeisahau nyumbani.

"Bienfait... na weye?"

"Na mi."

Akakaa chini, machozi yakamtoka.

"Lia polepole, papa," alisema Godelieve. "Lenzi ingali mupya."

Alikaa Baraka siku mbili akijifunza kuzivaa na kuzitoa, kuziosha kwa maji ya dawa na wala si ya ziwa, na kutolala nazo. Zake mwenyewe zilipofika, akaanza kutunyoa upya, mstari umenyooka kama rula. Mimi nilifurahi. Vijana walikasirika.

"Mulima yetu iko wapi?" aliuliza Guy, mmoja wao, akijitazama kiooni kama aliyeibiwa.

"Mi naona sasa. Siwezi kukata kitu mubaya macho wazi."

"Basi ufumbe," alisema Aline.

Alijaribu kuukata mshazari kwa makusudi, ukatoka kama meno ya msumeno. Hata akivua lenzi haukurudi, kwa sababu sasa aliogopa kuharibu vichwa vya watu. Vijana walinung'unika wiki tatu, kisha wakaanza kufuga nywele.

Mwezi ulipokwisha alirudi Baraka kukaguliwa. Macho yalikuwa mazuri. Chumbani alikuwamo Pierre-Claver, mkulima kutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda, mwenye ugonjwa uleule. Mara mbili alikuwa ameruka kutoka kitini kabla kidole hakijamfikia. Darius alimtazama, akatoa begani kitambaa chake cha kunyolea, akamfunga shingoni. Akasimama nyuma yake, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama anayetaka kuanza na kisogo.

"Angalia mbele. Mihogo inaendeleaje?"

Mtu akishikwa hivyo na kinyozi hutulia mwenyewe. Pierre-Claver akaanza kueleza shamba lake, namna alivyolilima, namna panya walivyoingia, na alivyogombana na jirani juu ya mpaka. Godelieve akamaliza jicho la kulia hadithi ilipofika kwenye panya, na la kushoto ilipofika kwenye mpaka. Pierre-Claver alieleza mpaka mavuno, akashusha pumzi.

"Haya," alisema, "mi niko tayari. Munaanza saa ngapi?"