Jacinta Atafuta Mahali Koni ya Owiti Ilipolala

Jua ndio kwanza linapanda, na Jacinta Aoko tayari amepiga magoti kwenye korongo nyuma ya kijiji cha Kisian. Anapekua kokoto kwa bisibisi. Jiwe likimtia shaka, analitemea mate kidogo, analisugua kwa kidole gumba, kisha analirudisha palepale.

"Si hili," anasema.

Jacinta ni mtafutaji wa visukuku, yale mabaki ya viumbe na mimea yaliyogeuka mawe. Kibarua hiki alikifanya pamoja na mumewe, Owiti, mpaka mwaka jana.

Kazi yao ina sheria moja kubwa: ukiona kitu, usikiinue. Rundika mawe kando yake, uite mkubwa. Udongo kilimolala ndio unaotaja umri wake.

Siku moja mwaka jana, Jacinta alikuwa kitandani na malaria. Owiti akaokota koni ya mbegu, kama tunda gumu la msonobari, iliyogeuka jiwe, nzima ila kitako kilichomeguka, akaitia ndani ya shati na kumpelekea.

"Aliniambia, 'Jacinta, wewe uione kwanza. Mahali nitawaonyesha kesho.' Nikacheka, nikamwambia utafutwa kazi wewe!"

Jioni akavuka barabara kumtafutia dawa. Boda boda ikamgonga. Jamani, hakurudi.

"Alivunja sheria kwa sababu yangu," anasema Jacinta.

Daktari Maryanne Nakhungu, mtaalamu wa mimea ya kale, ameichunguza koni hiyo, magamba yake na jinsi mbegu zilivyokaa. Hailingani na mti wowote unaojulikana wa jamii ya misonobari. Anaamini ni spishi mpya, na yuko tayari kuipa jina la Owiti.

"Lakini bila kujua ilipotoka, siwezi kuitangaza," anasema. "Inaniuma sana."

Kwao akina Jacinta, mtoto hupewa jina la marehemu ili lisipotee. Jacinta na Owiti hawakujaliwa mtoto.

Wapo waliomshauri aonyeshe korongo lolote, yaishe.

"Ningeshaonyesha zamani," anasema, macho yamelowa. "Lakini Owiti aitwe kwa uongo? Hapana, bwana."

Basi anatafuta kile kipande cha kitako kilichomeguka; kikioana na koni, mahali patajulikana. Kibarua kiliisha; siku hizi hakuna anayemlipa. Mvua za masika nazo zinakaribia, na maji yatakomba mteremko huu.

Akiulizwa atafanya nini, anajifuta uso kwa leso.

"Mvua ikianza nitakaa nyumbani. Ikiisha, nitarudi," anasema. "Owiti hakuacha mtoto mwingine."