Askari Aliyeandikwa Salamu

Mwaka 1978, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba yangu alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake kwenda vita vya Kagera. Shida zangu zilianza siku hiyo. Hakurudi. Kaburi hatukuonyeshwa, na picha yake hatukuwa nayo hata moja. Mkulima wa pamba enzi hizo alipigwa picha ya nini? Niliacha shule darasa la tatu, nikaenda Geita kugonga mawe ya dhahabu. Sitaeleza sana. Aliyegonga anajua.

Uso wa baba ulinipotea nilipofika miaka thelathini hivi. Nasema kweli. Nilibakiwa na kumbukumbu moja tu: gumba lake la kushoto, lililokatwa na kamba ya fahali aliyeshtuka.

Mwaka jana redio ikatangaza kwamba mpiga picha mmoja mzee, mtu wa pwani, anazunguka na picha zake zote za vita, toka Kagera mpaka Burundi na Kongo, na sasa yuko ukumbini Kambarage, Shinyanga mjini. Nikapanda basi kutoka Kagongwa. Sikumwambia mtu ninafuata nini.

Ndani nilitembea polepole. Wakimbizi. Wanawake na magodoro kichwani. Mtoto amekalia sanduku la risasi, anakula muwa. Yule mzee anajua kazi: maiti zipo, lakini hakuna hata moja aliyoipiga picha usoni.

Kwenye kona nikasikia kicheko. Mama mmoja mnene alikuwa akimvuta mwenzake mkono.

"Njoo uone, shoga! Huyu jina hili alipewa na nani?"

Nasoma kwa kufuata na kidole, lakini nasoma. Chini ya picha paliandikwa: *Askari Mwangaluka, Kagera.* Mwangaluka! Hiyo ni salamu yetu Wasukuma ya asubuhi. Ni sawa na kumwandika mtu Bwana Habari za Asubuhi. Na mimi nikacheka. Halafu nikainua macho. Askari alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, vidole vinne. Gumba hakuna.

Kicheko kikanikauka.

Mpiga picha alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia nyeupe, fimbo mapajani.

"Shikamoo."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Yule askari wa kwenye kona umemwandika salamu. Siyo jina lake."

"Nilimuuliza mwenyewe," akasema. "Ilikuwa asubuhi, gari linaondoka. Nikamwambia, jina lako nani? Akanijibu hivyo. Nikauliza tena, akarudia kwa sauti kubwa zaidi."

"Ulimsalimia kwanza?"

"Hapana. Nilikuwa na haraka."

"Basi alikuwa anakufundisha adabu. Kwetu mtu haulizwi jina kabla ya salamu. Na Kiswahili hakukijua, ila haraka yako aliijua. Yule ni baba yangu."

Mzee alijiinua kwa fimbo, akaenda taratibu mpaka mbele ya picha, akainamisha kichwa.

"Mwangaluka, mzee wangu," akasema kwa lafudhi yake ya pwani.

Yule mama mnene akadakia, "Saa nane hii, babu! Mchana tunasema mwadila!"

"Mwache," nikamwambia. "Hiyo ni ya asubuhi ile."

Mzee akatoa kalamu, akaniuliza jina la baba. Nikamtajia. Akataka kufuta la zamani, nikamkatalia: aandike pembeni, salamu ibaki. Nikamshikia karatasi, akaandika. Maonyesho yalipofungwa hakuondoka na picha ile.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita. Mashine mbili za kukoboa mpunga. Shamba ekari tisa. Ng'ombe kumi na wanne. Pikipiki, mbovu. Baba, ukutani, kwenye fremu ya mninga.