Mlango wa Magharibi

Kila mwaka kabla ya mvua, bibi mkandikaji alikuja kutoka kijiji cha Ihumwa kulikandika upya paa la udongo la tembe, nyumba ya paa bapa, alimozaliwa. Baba yake ndiye aliyelijenga tembe hilo. Baadaye mfanyabiashara wa pembe za ndovu alilichukua, akauziba mlango wa magharibi, na sasa lilikuwa la Mdachi, nasi tulikuwa vibarua wake. Bibi alikanda udongo na samadi kwa visigino, akaunusa kabla ya kuubeba. Kisha, kikapu kichwani, miguu ilimpeleka palipokuwa na mlango, akajikuta uso kwa uso na ukuta.

“Bibi, mlango ulihama zamani!” nyapara wetu alimcheka kila mwaka.

“Ulihama wenyewe, mwanangu. Miguu yangu haikuambiwa.”

Mwaka ule nyapara hakucheka. “Bibi, mabati ya paa yamefika kwa gari moshi. Mwakani usijisumbue kuja.”

Bibi alikandika mpaka pembe ya mwisho, akilainisha kwa kiganja kama anayempaka mtoto mafuta. Aliposhuka alinawa mikono, akauendea ukuta ule, safari hii bila mzigo na bila kusahau. Akagonga mara mbili.

“Hodi,” akasema, akangoja.